Hati Safi ya Mtani

Zuwena alishuka kwenye bodaboda pale Dunda na begi moja na godoro lililofungwa kamba, na dada yake akajua hapohapo kwamba hakuja kusalimia. Mtu hatoki Mapinga na godoro kuja kusalimia. Arafa alikuwa uani anaosha sahani za harusi. Kazi yake ndiyo hiyo, kukodisha vyombo kwenye shughuli za watu, masufuria, sahani, viti vya plastiki. Akaacha maji yamwagike, akaenda kumpokea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kuna nini tena? Mbona na godoro?"

"Mwenye nyumba kanitoa. Kodi imenishinda." Zuwena akakaa juu ya godoro lake palepale uani, hata kiti hakusubiri. "Na wewe hujasikia? Kampuni imefungwa. Nimepita Makurunge kwa macho yangu. Geti lina kufuli jipya na mlinzi hatumjui."

"Imefungwa vipi? Baba Wahida kaniambia mashine zinatengenezwa."

"Mashine zipi, dada? Imefilisika. Shemeji hakukuambia?"

Arafa akajifuta mikono kwenye kanga. Mumewe Mtoro ndiye mtunza stoo wa kampuni hiyo ya kusindika nanasi, na wiki nzima alikuwa nyumbani, anakula, analala mchana, anasema mashine zinatengenezwa. Arafa alimwamini. Angemwamini nani mwingine jamani, kama si mume wake?

Kiwanja cha Mapinga waliachiwa na marehemu baba yao, wao wawili tu. Zuwena ndiye aliyekuwa akikaa pale, na kijumba chake na migomba yake, na hakutaka kuuza. Ni Arafa aliyemfuata mara kwa mara kumbembeleza. Akamwambia bei ya viwanja imepanda, wauze, wanunue hisa za kampuni, kila mwaka wale faida. Zuwena akasema anaogopa. Arafa akamwambia aogope nini, kampuni imekaguliwa, ina hati safi, mkaguzi wa Dar katia saini na mhuri. Zuwena akaendelea kuogopa. Basi Arafa akala yamini mbele ya jirani yao Rukaya: pesa hii ikipotea, nyumba yangu ya Dunda ni yako, Mungu shahidi. Na nyumba ile ilikuwa yake kweli, kaijenga kwa sahani na masufuria, tofali kwa tofali, Mtoro kaja kuikuta imeezekwa. Ndipo Zuwena akakubali, kiwanja kikauzwa, naye akapanga chumba hukohuko Mapinga.

"Sikuja kukudai leo," Zuwena akasema. "Nimekuja kwa kuwa sina pa kulala. Lakini ile yamini unaikumbuka."

"Naikumbuka."

"Basi."

* * *

Mtoro alirudi adhuhuri, akamkuta shemeji yake sebuleni na godoro limeegemezwa ukutani. Hakuuliza kitu. Akaenda kunawa, akachelewa sana kunawa.

"Baba Wahida," mkewe akamwita, "mashine zimepona?"

"Mama Wahida, sikutaka kukutia hofu. Nilidhani mambo yatakaa sawa."

"Yatakaa sawa lini? Geti lina kufuli!"

Kabla hajajibu, hodi ikapigwa. Alikuwa Mwalimu Masoud, mstaafu, ambaye wenye hisa walimchagua kuwa katibu wa kamati yao. Alikuja na habari, na kwa namna alivyokaa ukingoni mwa kiti, hazikuwa nzuri. Mfilisi aliyeletwa na mahakama kafungua yale mapipa ya juisi ya nanasi yaliyokuwa stoo, yale ambayo kwenye hesabu yaliandikwa kuwa ndiyo mali kubwa ya kampuni. Mengi yana maji ya kisima tu. Mkurugenzi, Bwana Abdulrazak, yuko nje ya nchi na simu yake haipatikani.

"Kwa hiyo hakuna kitu," Zuwena akasema.

"Kwa Abdulrazak hakuna. Lakini kuna mlango mmoja." Mwalimu akamgeukia Mtoro. "Mkaguzi. Ofisi yake ina bima. Mwanasheria anasema tukithibitisha kwamba mkaguzi aliona mapipa yana maji na bado akatoa hati safi, tunamdai yeye, na bima inatulipa. Pengine si zote, lakini tunalipwa. Ila lazima apatikane shahidi aliyekuwa naye stoo siku ile. Na aliyekuwa naye ni wewe, Bwana Mtoro."

Mtoro akajikuna shingo. "Yule mtani wangu yule."

"Utani na mali za watu wapi na wapi?"

"Nasema tu, ni mtani wangu. Nitafikiri."

"Ufikiri nini?" Arafa akamrukia. "Ulikuwepo au hukuwepo?"

"Nilikuwepo. Lakini mambo ya ukaguzi ni marefu, mke wangu. Wewe huyajui."

Mwalimu Masoud akaaga. Mkutano ni Jumatatu, mfilisi atakuwepo na mkaguzi ameitwa. Alipotoka tu Arafa akasema yeye hawezi kungoja Jumatatu. Mkaguzi huyu, Bwana Masanja, kila mwaka akija Bagamoyo alikuwa akila chakula cha mchana nyumba hii. Msukuma yule, na Mtoro Mkwere, watani tangu enzi za mababu, na utani wao ulikuwa burudani ya mtaa mzima. Jumamosi anakuja kukabidhi makaratasi yake. Basi aalikwe kama kawaida, naye Arafa atamuuliza kwa mdomo wake.

* * *

"Hodi! Wezi wa Kikwere mpo?"

Ndivyo Masanja alivyozoea kuingia, na miaka yote Mtoro alikuwa akijibu kutoka ndani kwamba wapo, na ngoma wanayo, na kapu la kumbebesha mpagazi aliyechelewa msafara wanalo pia. Siku hiyo hakujibu. Arafa akafungua mlango.

"Karibu, shemeji."

"Starehe, shemeji. Mbona kimya? Mmefiwa? Kama mmefiwa niambieni nidai changu mapema, maiti haizikwi mtani hajalipwa."

Hakuna aliyecheka. Masanja akavua viatu, akaingia. Mtu mnene, mcheshi, shati limepigwa pasi. Akapakuliwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, akala, akasifia, akaongezwa. Arafa alikuwa na swali kooni tangu asubuhi, lakini alilelewa kwamba mgeni haulizwi kitu kizito tumbo likiwa tupu, akangoja hadi akamaliza. Akamletea maji ya kunawa, akammiminia mwenyewe.

"Shemeji, nina swali. Na leo sitaki utani."

"Uliza, dada yangu."

"Ulipotia saini ile hati safi, ulijua kwamba mapipa yana maji?"

Masanja akafuta mikono taratibu. Akamtazama Mtoro, Mtoro akatazama mkeka.

"Shemeji, mimi nilisema. Mkutano mkuu wa mwaka jana mlikuwepo?"

"Tulikuwepo wote, hata wasio na hisa walialikwa. Tulikula hadi pilau."

"Nilisimama mbele ya kipaza sauti. Nikasemaje?"

Zuwena ndiye aliyekumbuka. Alilisema polepole. "Ulisema, nyie Wakwere mmejaza mapipa maji ya kisima mnayaita mali."

"Nilisema au sikusema?"

"Ulisema."

"Na nyie mkafanya nini?"

Walicheka. Ukumbi mzima ulicheka mpaka watu wakapigana mabega. Mtoro alisimama akamjibu kwamba Wasukuma wametembea miezi kuja pwani na bado hawatofautishi maji ya chumvi na maji baridi, wakacheka tena. Halafu Masanja akavaa miwani, akasoma kwamba hesabu zinaonyesha hali halisi na ya haki ya kampuni, wakapiga makofi. Mwezi uliofuata Arafa akauza kiwanja.

"Lakini ulisema kwa utani," Arafa akasema. "Kwenye karatasi ukaandika vingine. Ungeandika, shemeji! Mimi nilinunua kwa karatasi, sikununua kwa vichekesho vyako!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi. Niko nyumbani kwangu."

Masanja akavuta pumzi. Ucheshi ulikuwa umemtoka, na chini yake alikuwapo mtu mwingine, mchovu, mwenye madeni yake. "Sikiliza. Sisi wakaguzi mnatuona kama polisi. Polisi halipwi na mwizi. Mimi aliyekuwa akinilipa ni Abdulrazak. Yeye ndiye aliyenileta, na akitaka ananiondoa. Ningeandika hati chafu, siku ya pili analeta mwingine, kijana wa bei rahisi ambaye hata stoo hafiki, anatia saini akiwa Dar. Nina ofisi, nina vijana nawalipa mishahara. Nikaona angalau niwaambie watu kwa njia yangu."

"Ukatafuta njia ambayo hatutakusikia."

"Mngetaka kusikia mngesikia."

"Lo! Mwanamume huyu!" Zuwena akasimama. "Umekula wali wetu miaka yote hiyo!"

Hapo Masanja akakasirika naye. "Mbona mnanikazia macho mimi peke yangu? Mimi pipa sikufungua. Alifungua mtani, huyu hapa. Tulionja wote wawili, kwa kikombe kimoja. Muulizeni yeye."

Nje mtu alikuwa akinadi mkaa. Masanja akaangalia uso wa Arafa, akaelewa alichokifanya, akaokota simu yake na funguo za gari.

"Nilidhani unajua," akasema. "Samahani, shemeji. Nilidhani mmeongea."

Mtoro akatoka kumsindikiza, maana mgeni husindikizwa hata kama nyumba inaungua. Arafa aliwaona dirishani, wamesimama kwenye mlango wa gari, Masanja anaongea na Mtoro anatikisa kichwa, kisha hatikisi tena, kisha anaitikia.

* * *

"Ulionja," Arafa akamwambia alipoingia.

"Nilionja."

"Yakawaje?"

"Maji. Yana harufu ya nanasi kwa mbali." Mtoro akakaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa. "Mama Wahida, nisikilize. Nilimtazama, yeye akacheka, nami nikacheka. Nikajiambia ngoja nione ataandika nini. Akiandika kuna maji, nami nitakwambia. Ikaja hati safi, saini, mhuri. Nikajiambia, mimi darasa la saba nitajua kuliko mtu aliyesomea? Labda kuna kitu sikielewi. Labda mapipa mazuri yako kwingine. Kama mkaguzi kaona na karidhika, mimi nani?"

"Hati hiyo nani alinisomea?"

Mtoro akawa anavuta uzi wa mkeka.

"Nakuuliza! Nani alinisomea? Si ulikaa hapo kitandani ukanisomea neno kwa neno, hali halisi na ya haki? Nikakuuliza, baba Wahida, ni salama? Ukaniambia nini?"

"Nilikwambia ni salama."

"Na ladha ya maji bado iko mdomoni mwako!" Arafa akalia, kilio cha hasira, kanga yote usoni. "Mwizi angeniibia ningelala. Abdulrazak simjui, Masanja ni mtu wa kupita. Wewe nimezaa nawe."

Mtoro akalia pia, na tuseme kweli, machozi yake yalikuwa ya kweli. Alimpenda mkewe. Aliogopa tu, na woga wake ulikuwa wa zamani, wa mtu ambaye maisha yote kila mwenye kalamu alimwamuru naye akaitikia.

"Jumatatu utasema?" Arafa akauliza alipopata sauti.

"Nitasema."

"Utasema mlifungua pipa, mkaonja, yeye akajua?"

"Nitasema."

"Sema wallahi."

"Wallahi nitasema, mke wangu."

Zuwena alikuwa mlangoni akisikia. Akarudi kulaza godoro lake, na kwa mara ya kwanza tangu afike akaimba kidogo.

* * *

Jumatatu ukumbi ulijaa. Kulikuwa na wakulima wa nanasi kutoka bara, wachuuzi wa Dunda, wazee waliouza mashamba yao. Mfilisi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, anauliza kwa sauti ya chini na kuandika kila anachojibiwa. Masanja alikaa mstari wa mbele, kavaa suti. Mwalimu Masoud akamwita Mtoro, na Mtoro akasimama. Arafa alimshika mkono Zuwena.

"Bwana Mtoro Pazi," mfilisi akasema, "wewe ulikuwa mtunza stoo. Siku ya ukaguzi, mkaguzi alifika stoo?"

"Alifika."

"Kuna pipa lilifunguliwa?"

Mtoro alitazama mbele, akamwona Masanja. Akatazama nyuma, akamwona mkewe.

"Halikufunguliwa."

"Hakuna hata moja?"

"Tulihesabu kwa nje, kama utaratibu. Yalikuwa yamefungwa na lakiri."

"Na wewe mwenyewe ulijua kilichomo?"

"Sikujua, mheshimiwa. Mimi ni mtunza stoo tu."

"Mwongo!" Arafa alikuwa amesimama kabla hajajua kama amesimama. "Mwongo wa Mungu! Mimi mkewe nasema. Alifungua, wakaonja wote wawili. Kaniambia mwenyewe nyumbani, na huyo Masanja kasema Jumamosi mbele yangu na mdogo wangu, sebuleni kwangu, wali wangu uko mdomoni mwake!"

"Mama, taratibu," mfilisi akasema. "Wewe ulikuwepo stoo?"

"Sikuwepo. Lakini kasema."

"Bwana Masanja, ulisema maneno hayo?"

Masanja akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatabasamu lile tabasamu ambalo Bagamoyo nzima ililipenda. "Mheshimiwa, wale ni watani zangu. Mimi na Wakwere tukikaa kwenye sinia tunasema mengi. Mwaka jana nilisema wananywa maji ya kisima kwenye mapipa. Leo wameyageuza ushahidi. Ndiyo maana tunawatania."

Na ukumbi ukacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Watu walioibiwa, walioketi pale kwa sababu wameibiwa, walicheka. Sauti moja ikatoka nyuma: "Bibi, ugomvi wa ndani kaumalizie ndani!" Wakacheka zaidi. Mfilisi aliandika jambo, akalipigia mstari, akasema bila shahidi wa stoo hana pa kushika. Mwalimu Masoud akavua kofia yake na kuiweka mapajani.

Arafa akakaa. Hakumtazama mumewe. Aliona tu viatu vyake vikipita, vinafuata ukuta kuelekea mlangoni.

* * *

Alasiri ile Arafa alimwita mwenyekiti wa mtaa, akamwita na Rukaya aliyeshuhudia yamini. Zuwena alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili.

"Dada, tugawane. Sikuja kukutoa kwako."

"Nilikula yamini."

"Yamini ulikula kwa kudanganywa."

"Mdomo ulikuwa wangu. Wewe nilikwambia ni salama, nawe ukaniamini kama nilivyomwamini yeye. Sasa nikikwambia tugawane, mimi na yeye tutakuwa na tofauti gani?"

Mwenyekiti akaandika hati ya kumkabidhi Zuwena nyumba, Zuwena akatia kidole gumba, kisha akalia begani kwa dada yake, na Arafa ndiye aliyembembeleza. Mwenyekiti alikunywa chai yake haraka akaondoka. Vyombo vya harusi tu ndivyo vilivyobaki kuwa mali ya Arafa, na Zuwena akamwambia chumba kikubwa ni chake maisha yake yote, asimsikie akitaja kodi.

Mtoro aliingia watu wakitoka msikitini maghribi. Alikuwa na mfuko wa mkate na uso wa mtu aliyejiandaa.

"Mama Wahida, nisikilize kabla hujasema. Kijana wa Abdulrazak alinifuata, akaniambia nikikiri nilijua, wa kwanza kufungwa ni mimi. Si wao, mimi. Ningefungwa nani angekulisha?" Akangoja. "Na Masanja kanitafutia kazi. Ghala la saruji, Mapinga. Naanza mwezi ujao. Tutalipa kidogokidogo, tutamlipa Zuwena yote."

"Nani mkaguzi wao hao wa saruji?" Arafa akauliza.

Mtoro akauhamishia mfuko wa mkate mkono wa pili. "Ni huyohuyo Masanja."

"Shemeji," Zuwena akasema kutoka kwenye kiti, "nyumba hii ni yangu tangu alasiri. Mwenyekiti kaandika."

Mtoro akamtazama mkewe, akaona ni kweli. Akaweka mkate mezani. Akajaribu kucheka. "Basi na mimi nimekuwa mpangaji wa shemeji yangu? Haya, mwenye nyumba, nipe chumba."

"Chumba cha uani kipo. Kodi ya miezi sita mkononi. Na mtu nisiyemwamini nataka awe na mdhamini, aje aweke saini kwamba anakujua na wewe ni mtu wa kweli."

"Mdhamini? Mimi?" Alitaka liwe la kuchekesha, likatoka dogo. Akamgeukia Arafa. "Mwambie, mama Wahida. Wewe si unanijua?"

Arafa alikuwa anapanga sahani kwenye kreti, za shughuli ya kesho Kaole. Alimaliza ile iliyokuwa mkononi, akaifuta, akaiweka juu ya nyingine.

"Nakujua," akasema. "Ndiyo maana sisaini."